Taa ya Bibi Skola Ng'ambo ya Bonde

Nyie wanangu mnaoning'iniza taa uani siku hizi kama mnaanika nguo, hebu shukeni kwenye hizo ngazi tukae kidogo. Sitawasema sana. Magoti yangu yameshakataa kupanda, kilichobaki ni mdomo, na mdomo wangu mnaujua.

Kwa asiyenijua, mimi ni Oresta, Mama Taa. Jina hilo nilipewa hapa Sumbawanga tangu siku zile ambazo watu wakimwona mwanamke ana koleo mfukoni, wanamuuliza mume wake yuko wapi. Nimefunga umeme wa ndani kama mafundi wote, lakini moyo wangu ulikuwa nje: barazani, kwenye njia za bustani, penye ngazi, chini ya miti. Taa ya ndani inamfaa mwenye nyumba peke yake. Ya nje inaonwa na kila mtu, hata asiyekupenda.

Aliyenifundisha ni Mzee Ramadhani, mtu wa Kabwe, kule ziwani. Kabla hajawa fundi umeme alikuwa akivua dagaa kwa karabai, na mpaka anaingia kaburini aliamini kwamba balbu ni karabai iliyopelekwa shule. Alikuwa mkali jamani! Ukishika waya vibaya hakugombezi. Anakaa chini, anawasha sigara, anakutazama mpaka unajirekebisha mwenyewe kwa aibu. Neno lake lilikuwa moja tu. Kila kazi, kabla hatujachimba mtaro, alilirudia: "Taa ni chambo. Kabla hujaiwasha, jiulize unamwita nani."

Nilidhani ni maneno ya wavuvi tu. Nikaja kumwelewa kwenye nyumba moja ya wageni mjini, ambayo mwenyewe alitaka bustani yake ya nyama choma iwake nyeupe pe. Mzee Ramadhani akamshauri asubiri mvua za kwanza zipite ndipo aamue. Hakusikia, tukamfungia. Novemba ikafika, mvua ikanyesha mchana, jioni ikatulia. Weee! Kumbikumbi wa Ufipa nzima walikuja kula nyama. Wamo kwenye supu, wamo kwenye bia, wamo kwenye nywele za akina mama. Wageni wa kutoka Dar wakakimbilia vyumbani. Wenyeji wakavua kofia wakaanza kuwakusanya, na kuna mzee aliyeomba ndoo jikoni akaisahau kabisa nyama aliyoagiza. Mwalimu wangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Dawa yake ni hii, ishikeni. Ile balbu nyeupe tuliihamishia kona ya nyuma, mbali, juu ya beseni la maji. Mezani tukaweka za njano, hafifu, tukazifunika kwa juu ili mwanga ushuke kwenye sahani usipande machoni. Wadudu wakafuata nyeupe, watu wakabaki na njano. Asubuhi wapishi wakawakuta kumbikumbi wao wameshajiosha, wanasubiri kikaango.

Lakini niliyemkusudia leo ni Bibi Skola. Skolastika ndilo la ubatizo, ila huku hatuna muda wa jina refu hivyo. Nyumba yake na yangu zinatazamana, katikati kuna bonde dogo lenye kijito na miti ya milingoti. Alikuwa mjane. Mumewe amelala kando ya nyumba yao, chini ya mparachichi alioupanda mwenyewe. Kila jioni, jua likishazama, Bibi alikuwa akitoka ndani, anashuka ngazi za baraza, anavuka uani hadi jiko la nje kupasha maji yake ya kuoga, kisha anarudi kukaa barazani akiuelekea ule mparachichi. Ukipita karibu unamsikia anamsimulia marehemu habari za siku: nani kazaa, mahindi ya nani yameliwa na ng'ombe, padri kasema nini. Wala hakuwa na kichaa. Alikuwa na mazungumzo ambayo hayajaisha.

Basi macho yake yakaanza kuingia ukungu. Jioni moja akaikosa ngazi, akaanguka, akaumia nyonga. Alilala ndani wiki nyingi, na majirani wakamzoea kama mgonjwa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki, Pius, aliyekuwa kazini Dar es Salaam. Msimchukie Pius. Mtoto anayelala mbali na mama anayeanguka halali usingizi, mimi pia ni mzazi. Pius alisema mama yake ahamie Dar. Bibi akasema hawezi kumwacha baba yake Pius peke yake kwenye baridi hii. Wakavutana kwenye simu mpaka wakapatana hivi: ua utengenezwe upya, uwekwe taa, na Bibi akipata nafuu Pius aje na gari. Jioni hiyo Bibi atoke mlangoni, aende mwenyewe mpaka jikoni na kurudi, bila kushikwa mkono. Akiweza, anabaki. Akishindwa, anapanda gari.

Kazi hiyo nikapewa mimi. Nilijua nilichokishika. Taa zikikosewa, Bibi Skola anang'olewa kwake.

Pius alinitumia picha kwenye simu, za nyumba za watu wenye nafasi: matofali ya kupanga chini, ukoka, maua, na taa mbili kubwa juu kwenye kona za nyumba, zinamulika mpaka mtoni. Alikuwa anaogopa giza na wezi, na ni haki yake. Matofali na ukoka vikawekwa, nami nikazifunga hizo taa mbili kama alivyotaka. Kisha nikaongeza za kwangu ndogo, chini kabisa, kwenye ukuta wa ngazi, usawa wa kifundo cha mguu. Nikazikunjia kofia za bati ili mwanga uangukie pale mguu unapokanyaga, basi. Na ukingo wa kila ngazi nikaupaka chokaa.

Waya niliupitisha chini ya ukoka, ndani ya bomba, nikafukia vizuri, nikaenda zangu kulala. Kesho yake narudi, sikuamini. Bibi amekaa kwenye kigoda na fimbo yake, Mama Editha, jirani yake wa karibu, ameshika jembe, anaelekezwa. Ukoka wote umekwatuliwa, majani yamefukiwa chini, matuta yamesimama duara duara kama tunavyolima sisi Wafipa, na maharage yameshaingia. Bomba langu limechanwa katikati. Nikauliza kulikoni. Bibi akaniuliza na yeye, kwa upole kabisa, kama Pius alikuwa na ng'ombe wa kulisha hayo majani aliyompandia mlangoni.

Nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikahamisha waya. Wanangu, vitabu vyenu vitawaambia kina cha kuufukia. Sawa, fuateni. Ila huku kwetu jembe halisomi kitabu. Pitisheni waya chini ya njia ya matofali, ukuta kwa ukuta, pale ambapo hata mkwe mwenye bidii hatapata wazo la kupanda kitu.

Siku yenyewe ikafika. Pius alipanda mlima mchana na gari lake, vumbi linaonekana bonde zima. Alimletea mama yake sweta na akakagua kila kitu kimya kimya. Nikamwona anaangalia zile ngazi kwa muda mrefu. Jua likazama, kibaridi kikaanza kupanda kutoka mtoni. Bibi akasimama mlangoni amejifunga kitenge chake cha jumuiya ya kanisani, fimbo ameiacha ndani kwa makusudi, kiburi tu. Pius akanipa ishara. Nikawasha zote.

Jamani, kulikucha. Kuku walitoka bandani. Kila jani lilionekana, kila ufa wa ukuta. Mimi mwenyewe nilijisikia vizuri kwa dakika moja, siwezi kukataa. Kisha nikamtazama Bibi.

Alikuwa ameweka mkono machoni. Alinyoosha mguu, akaurudisha. Akanyoosha tena, ukatetemeka hewani, akaurudisha. Jicho lenye ukungu, wanangu, halitaki mwanga wa mbele. Ni kama kukutana na gari lenye taa kali barabarani asubuhi ya ukungu: mwanga upo tele na huoni kitu. Hilo sikulijua. Nililijua pale pale, nikiwa nimesimama kwenye swichi.

"Naona maziwa matupu," Bibi akasema.

Pius akapanda ngazi, akamshika mkono taratibu, na usoni hakuwa na ushindi wowote. Alikuwa na huzuni. Akamwambia basi mama, imetosha, tutakwenda wote na utakuwa unakuja kumsalimia mzee. Bibi aligeuza uso upande wa mparachichi, ambao alikuwa hauoni, na machozi yakaanza kumtoka. Nami nikalia, nifanyeje? Nilikuwa nimemfungia taa za kumwondoa kwake.

Ndipo tukasikia kilio kutoka bondeni.

Kwanza sauti moja ya mwanamke, halafu nyingi. Zilikuwa zinapanda kuja kwetu. Pius akaniuliza nani amefiwa. Sikujua. Tukaona kurunzi kwenye milingoti, kisha watu: akina mama wamejifunga kanga viunoni, wamejitwika unga, wanaume wana kuni mabegani. Mbele yao Mzee Kasiano, mwenyekiti wa jumuiya, rozari mkononi, anaimba kwa sauti yake ile ya kukwaruza. Mmoja wa akina mama analia, "Skola weee, umetuacha na nani!"

Nikaelewa. Nyie mmezaliwa na umeme, hamjui. Huku kwetu ua ukiwaka ghafla jioni, tena kwenye nyumba yenye mgonjwa, hakuna anayepiga simu kuuliza. Tunavuta waya nje, tunatundika balbu kubwa, kwa sababu watu watakesha: ni msiba. Ng'ambo ya bonde walikuwa wameliona gari la Pius likipanda mchana. Jioni wakaona mwanga. Wakajumlisha.

Wakafika, wakaingia uani wakilia, na kilio kikakatika mtu mmoja mmoja kadiri walivyomwona marehemu amesimama juu ya ngazi.

"Nani amekufa?" Bibi akauliza.

Mtu akateremsha kuni zake polepole. Mzee Kasiano akavua kofia.

"Ni wewe, Skola," akasema.

Bibi akafikiri kidogo. "Mbona mimi sijaambiwa?"

Aliyeanza kucheka sijui ni nani, ila kicheko kile kilikuwa na machozi ndani yake. Kisha kikaisha, na watu wale wote, na unga wao na kuni zao, wakachuchumaa pale uani na kupiga makofi, kama tunavyowaamkia wakubwa zetu. Makofi ya taratibu, ya viganja vilivyolegea. Niliyasikia tangu nikiwa mtoto mgongoni, lakini siku ile yalinitoa mwilini.

Sasa salamu kama ile haipokelewi kutoka juu ya ngazi. Mtu anashuka, anainama kwa wenzake. Bibi alilijua hilo kuliko sisi.

"Oresta," akaniambia, "zima hilo jua lako. Nataka kuwaona watu wangu."

Nikazima mbili kubwa. Giza likaturudia, na ndani ya giza lile zikabaki zile ndogo za chini, na ngazi zikajitokeza moja baada ya nyingine, na mstari wa chokaa kila moja. Bibi akatazama chini. Akatoa mkono wake kwenye mkono wa Pius, kama unavyotoa mkono kwa mtoto unayetaka asilie. Akashuka. Hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kukohoa. Alipokanyaga matofali akanyooka, akaenda moja kwa moja kwa watu, akachuchumaa na nyonga yake mbovu, akaanza kuwajibu. Kila mmoja alimtambua kwa makofi yake. Alimwambia Mzee Kasiano kwamba makofi yake bado ni ya mtu mvivu. Kisha akaenda jikoni mwenyewe, akafunua moto, kwa sababu wageni wamekuja na unga na haiwezekani warudi na njaa.

Nilikumbuka maneno ya Mzee Ramadhani. Tulikuwa tumeweka chambo kikubwa bila kujiuliza kinamwita nani, na kikawaita wote.

Pius alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu, viwiko magotini. Nikamsogelea. Alikuwa analia kama wanaume wanavyolia, bila sauti.

"Nilidhani yuko peke yake," akaniambia.

Habari za Dar hazikutajwa tena. Jioni ile tulisonga ugali wa msiba tukaula kwa kicheko, na pombe ya ulezi ikatokea, sijui ilitokea wapi. Waliotaka kurudisha unga uliobaki, Bibi aliwakatalia. Alisema unga wa msiba wake ni wake.

Ni Mzee Kasiano aliyeleta wazo, midomo bado ina ulezi. Alisema wao wazee hawana mbio za kupanda mlima ule kila mara kwa hofu. Basi Bibi awashe taa moja kila jioni, wao ng'ambo waione. Ikiwaka wanajua yupo. Isipowaka, wanakuja. Kesho yake Pius mwenyewe alipanda ngazi yangu ya kazi, mimi nikamshikilia, tukateremsha zile kubwa mbili. Mahali pa moja tukaweka balbu ya njano, tukaigeuzia bondeni ili isimpige Bibi machoni. Swichi nikaiweka mlangoni pale mkono wake unapofika akiwa amesimama, chini kidogo ya pale ambapo nyie mnapima kwa futikamba. Pimeni kwa mtu, wanangu. Mwambieni asimame, anyooshe mkono.

Tangu hapo taa uani, upande ule wa bonde, haikumaanisha tena msiba. Ilimaanisha nipo. Jioni moja haikuwaka, na wote wakapanda tena na unga, wakamkuta Bibi anahangaika gizani kuingiza namba za umeme wa LUKU. Unga hakuurudisha safari hiyo pia. Nilimwambia anafuga majirani kama kuku. Akasema kuku hawaji na unga.

Miaka ikaenda hivyo. Mimi nikastaafu, na kila jioni nilikuwa nikitoa kiti changu nje nisubiri. Ikishawaka, ndipo nilipokuwa naingia kupika.

Halafu ikaja jioni ambayo haikuwaka. Mvua zilikuwa zimekwisha, nilikuwa napukuchua mahindi. Nikajiambia ni LUKU. Nikasubiri. Kurunzi za wenzangu zilikuwa zimeshaanza kupanda, nami nikajikokota nyuma yao na haya magoti. Tulimkuta barazani kwenye kiti chake, ameuelekea mparachichi, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza jibu. Maji jikoni yalikuwa bado ya vuguvugu. Hatukupiga kelele mara moja. Tulichuchumaa kwanza, tukapiga makofi.

Walitaka kutundika balbu kubwa kwa ajili ya wakeshaji. Nilikataa, na nilikuwa mkali, Mungu anisamehe. Nikawasha ile ya njano na zile ndogo za ngazini, watu wakakaa humo, na zikatosha.

Tukamzika kando ya mumewe. Pius alikuwa ameshastaafu mwaka ule, na watu wote walijua kwamba matanga yakiisha atafunga nyumba na kurudi Dar kwa wanawe. Matanga yakaisha. Wageni wakatawanyika. Jioni iliyofuata nilitoa kiti changu nje kwa mazoea, kisha nikakumbuka, nikakigeuza kikaangalia ukuta. Sikutaka kulitazama lile giza.

Simu ikalia. Alikuwa Pius.

"Shikamoo, Mama Taa."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unisaidie kuangalia. Inaonekana huko?"

Nikageuza kiti.

"Inaonekana," nikamwambia.

"Basi waambie nipo."